Milimita Mbili za Nkololo

Joakim Maduhu wa Nkololo alikuwa na madaftari mawili, na mkewe Justa aliruhusiwa kusogeza kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa hayo. La kwanza lilikuwa na jalada la bluu. Humo aliandika waliobatizwa, zamu za kufagia kigango, na majina ya watoto waliosinzia kwenye mafundisho. La pili lilikuwa la kijani, alilopewa na ofisi ya hali ya hewa ya Bariadi, na humo aliandika mvua. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuandika ubatizo kwenye la kijani wala mvua kwenye la bluu. Alijivunia jambo hilo kuliko ng'ombe wake, ambao hata hivyo walikuwa watano tu, na mmoja kati yao alikuwa wa shemeji yake.

Kazi ya kupima mvua ilimjia kwa sababu ya ukatekista. Ofisi ilitafuta mtu anayejua kusoma, asiyekunywa pombe, na ambaye kila siku saa tatu asubuhi anapatikana mahali pale pale. Mwenyekiti wa kijiji alilitazama sharti la pili, akaliondoa jina lake mwenyewe bila kinyongo, kisha akasema mtu wa namna hiyo Nkololo nzima yuko mmoja.

Basi kipimo kikasimikwa kwenye uwanja wa Joakim, ndani ya uzio mdogo wa waya wenye kigeti cha kufunga kwa kamba. Kilikuwa kopo refu la shaba lililozikwa nusu ardhini, juu lina mdomo wa faneli, ndani lina chupa. Mvua ikinyesha, maji huingia kwenye chupa. Saa tatu Joakim huyamimina kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, akasoma. Saa tatu kamili, si saa tatu na kitu. Siku wazee walipokuja kuzungumza mahari ya binti yake Goodness, Joakim aliinuka katikati ya maneno akatoka nje bila kuaga. Wajomba wa bwana harusi wakadhani amekasirika, wakanong'onezana, wakaongeza ng'ombe mmoja. Aliporudi akawaeleza kwamba alikwenda kusoma kipimo, walitaka kumrudisha ng'ombe wao, na mpaka leo mjomba mmoja hamsalimii.

Aliyemfundisha kazi hiyo ni binti mmoja wa Machame aitwaye Tumsifu, ofisa aliyekuwa ametoka chuo kikuu mwaka uleule, na ambaye vumbi la Bariadi lilikuwa bado linamtoa machozi. Alisimama mbele ya wasoma vipimo kumi na watano kutoka kata mbalimbali, akawaambia: "Andika ulichokikuta. Usiandike ulichokitarajia, wala ulichokitamani." Joakim aliyaandika maneno hayo ukurasa wa kwanza wa daftari la kijani, akayapigia mstari mara mbili. Ukurasa wa kwanza wa daftari la bluu yalikuwepo maneno mengine, aliyofundishwa kwenye kozi ya makatekista, kwamba imani haingoji kuona. Akaishi na sheria hizo mbili kwa amani, kama mume mwenye wake wawili waliojengewa katika vijiji tofauti. Hakuna mmoja aliyewahi kumtembelea mwenzake, mpaka mwaka huu.

Mwaka huu mvua ilikatika katikati ya Januari. Mahindi yalijikunja majani kama mtu anayejifunika shuka, pamba ikasimama urefu wa goti ikakataa kuongeza hata kidole. Kwa kuwa hali ilikuwa mbaya, ofisi ilitaka Joakim asingoje mwisho wa mwezi, apige simu kila asubuhi. Mtandao pale kwake hupatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya nyumba ya mama yake, Bibi Kabula. Kwa hiyo kila siku, saa tatu na dakika tano, Joakim alipanda kichuguu akapaza sauti, maana hata hapo mtandao wenyewe ni wa kubembeleza: "Nkololo hapa. Sifuri nukta sifuri. Ndiyo, sifuri. Hakuna."

Bibi Kabula alikuwa na miaka themanini na minne, sikio moja zima na jingine la mapambo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha kanisani, na neno sifuri halimo katika hivyo viwili. Wiki ya tatu alimwuliza Justa mwanawe anawaambia nini watu wa serikali kila asubuhi. Justa, aliyekuwa anapepeta mtama, akajibu tu kwamba anawaambia hapa hakuna kitu. Bibi akaguna, akaendelea kumenya karanga.

Jumapili moja ya Februari kigango kizima kilikusanyika kuomba mvua. Eufrasia, mwenyekiti wa kina mama, alikuja na mwavuli mkubwa wenye mistari ya njano, akaufungua chini ya jua kali akakaa nao ibada nzima, kwa sababu alimsikia mhubiri mmoja redioni akisema anayeomba mvua bila mwavuli anamtania Mungu. Waliokaa nyuma yake hawakumwona katekista siku hiyo, ila walipata kivuli. Joakim aliomba kwa muda mrefu na kwa uchungu wa kweli. Alilitaja jina la kila kijito kilichokauka. Alipofika mwisho akainua mikono akasema, "Bwana, vyombo vyetu ni vitupu," na watu wakaitikia kwa kilio. Mbele kabisa, juu ya kigoda chake, mama yake alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia mtoto wake akitangaza siri ya nyumba hadharani.

Jumatatu Joakim alitoka alfajiri kwenda kuongoza sala, kama kawaida, akarudi saa mbili na nusu. Anga lilikuwa safi kama sahani iliyopanguswa. Saa tatu akafungua kigeti, akatoa chupa, na mkono wake ukajua kabla ya macho, maana chupa ilikuwa na uzito. Akamimina kwenye gilasi. Milimita mbili kamili.

Akatazama chini: vumbi. Akaushika ukuta wa nyumba: mkavu. Nguo alizoanika Justa tangu jana yake zilikuwa kavu kiasi cha kusimama zenyewe. Akarudi kwenye gilasi, na maji yalikuwa bado yamo. Sheria ilikuwa sheria, akaandika 2.0. Halafu, kwa kuwa ile sheria ilisema aandike alichokikuta, na yeye alikuwa amekuta vitu vingi, akaandika pembeni kwa herufi ndogo: "Ardhi kavu. Nguo kavu. Anga safi." Akapanda kichuguu. Siku hiyo sauti yake haikuwa kubwa.

Jumanne ikawa milimita mbili na pointi mbili. Jumatano moja na pointi tisa. Kufikia Alhamisi Eufrasia alikuwa amepata habari, na kumpa Eufrasia habari ni sawa na kuipeleka gulioni Jumamosi. Watu wakaanza kuja. Waliokuja kanisani mara ya mwisho siku ya Krismasi walikuja, na wengine ambao Joakim hakukumbuka hata ubatizo wao. Walisimama nje ya uzio wakalitazama kopo la shaba kwa heshima, wakanong'ona kwamba Mungu amejibu.

Jirani yake Masalu naye alikuja. Masalu alikuwa na ng'ombe arobaini na hakuwa na dini ya kwenda kanisani; yeye mwezi uliopita alimpelekea mtamba mganga wa mvua, upande wa Meatu, na mtamba huyo alifika salama kuliko mvua. Alilitazama kopo kwa muda, akahesabu kitu kwa kidole hewani.

"Ngosha," akasema, "ongea na Mungu wako. Mwambie shamba langu liko upande huu wa kopo. Hatua thelathini tu. Akisogea kidogo, mimi kesho nabatizwa."

Watu walicheka, hata walioamini. Joakim hakucheka, maana kero yake ilikuwa palepale aliposhika Masalu. Yeye alimwamini Mungu. Hilo halikuwa na swali. Alichoshindwa kukiamini ni zile milimita mbili. Na katekista anayeongoza maombi, akajibiwa, halafu akawa mtu pekee kijijini asiyeamini jibu, hana pa kwenda kuungama isipokuwa kwa padri, na padri huja mara moja kwa mwezi.

Akaanza kuchunguza. Kwanza aliushuku umande, akaweka kopo tupu la siagi kando ya kipimo usiku na mchana. Asubuhi kipimo kilikuwa na milimita mbili na kopo la siagi lilikuwa na mende mmoja, mkavu. Eufrasia alipoelezwa hakushangaa. Alisema Mungu anakijua chombo alichokiomba, na kopo la siagi halikutajwa kwenye sala. Kisha akawashuku mbuzi, akaukaza uzio. Akawashuku ndege, akakaa mchana mmoja mzima wa Jumapili akiwatazama, na ndege walifanya mambo mengi juu ya lile kopo lakini hakuna lililofika milimita mbili. Jioni moja wakati wa kula akawauliza wote nyumbani, mmoja mmoja, nani anachezea kipimo. Justa alikana. Wajukuu walikana kwa viapo ambavyo ilibidi awakataze. Bibi Kabula naye alisema hapana, akaomba aongezewe mlenda.

Hatimaye akayaonja. Alihakikisha hakuna mtu, akachovya kidole, akaweka ulimini. Yalikuwa na moshi. Akaandika pembeni: "Yananukia moshi." Kosa lake ni kwamba alimwambia Justa, na Justa akamwambia Eufrasia kisimani. Kufikia saa saba mchana Nkololo yote ilijua kwamba maji ya kipimo yananukia ubani. Mama mmoja alikuja na kichupa cha dawa ya macho akiomba matone matatu kwa ajili ya mguu wa mumewe, na Eufrasia alitaka Jumapili ijayo muujiza utangazwe rasmi na padri aitwe kabla ya zamu yake.

Joakim alimwuliza kwa upole: Mungu mwenye anga lote, kwa nini anyeshe kwenye chupa? Eufrasia akasema Mungu huanza na kidogo. Joakim akasema sawa, lakini mahindi je? Eufrasia akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama daktari anayeumwa, akasema, "Katekista, wewe umesoma mno hicho kigilasi."

Siku ya kumi na saba simu ilitoka Bariadi, badala ya kwenda. Alikuwa Tumsifu. Sasa vumbi halikumtoa machozi tena. Alikuwa ameshika idara na alijua kusalimia Kisukuma mpaka salamu ya tatu. Alisema atakuja kesho yake kabla ya saa tatu. Alisema pia, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine, kwamba vipimo vyote vya jirani vinasoma sifuri, setilaiti haioni wingu, na milimita mbili za Nkololo zimeanza siku moja baada ya maombi yaliyoongozwa na msoma kipimo. Mkubwa wake alikuwa ameandika kwamba kituo hicho kinasomwa kwa imani badala ya macho. Kama hakuna maelezo, kipimo king'olewe kipelekwe kata nyingine.

Joakim alishuka kwenye kichuguu taratibu. Aliketi na daftari la kijani magotini, akalifungua mwaka wa kwanza. Miaka kumi na mmoja, hakuna siku hata moja iliyorukwa. Siku ya msiba wa baba mkwe imo, siku aliyolazwa na malaria imo kwa mwandiko wa Justa. Na sasa wataandika kwamba Joakim Maduhu alibuni mvua. Alihisi afadhali wangesema ameiba ng'ombe. Ng'ombe huonekana zizini, na mtu anaweza kuitwa akamhesabu.

Tumsifu alifika asubuhi kwa bodaboda, kitambaa kichwani, mkoba mgongoni, na gunia tupu lililokunjwa chini ya kwapa. Gunia lile ndilo Joakim aliloliona kwanza. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Eufrasia alikuwa mstari wa mbele na mwavuli wake, Masalu alikuwa ameegemea nguzo ya uzio akitafuna kijiti, na Bibi Kabula alikuwa kwenye kigoda mlangoni kwake. Tumsifu alianza na bibi, kama inavyopasa, akapiga goti: "Mwangaluka, mayu." Bibi aliitikia, akamwuliza watu wa kwao hawajambo, akalitazama lile gunia.

Saa tatu kamili Tumsifu alifungua kipimo mwenyewe. Akamimina, akainama, akasoma kimya. Kisha akaigeuza gilasi ili watu waone. Milimita mbili na pointi moja. Kina mama walipiga vigelegele, mwavuli ukafunguka wenyewe.

Tumsifu alingoja wanyamaze. Alisema yeye ni Mlutheri, kila asubuhi husali kabla ya kuwasha kompyuta, na hakuja Nkololo kubishana na Mungu. Alikuja kuuliza swali moja dogo la fomu. Lakini kabla hajalisoma, Eufrasia alimtangulia.

"Katekista, waambie Bariadi. Hii ni mvua, au si mvua?"

Joakim alilitazama gunia, akawatazama kina mama waliokuwa wamelia naye ile Jumapili. Akisema ni mvua, kigango kitafurahi, na kipimo kitaondoka kama ushahidi wa uongo. Akisema si mvua, basi yeye ndiye aliyewaongoza kuomba na yeye ndiye aliyewanyang'anya jibu. Na nani atakayemsikiliza tena akifundisha watoto kuamini? Aliona ajabu kwamba baada ya kutafuta maneno yake mwenyewe asubuhi yote, yaliyomjia yalikuwa ya ukurasa wa kwanza wa daftari la kijani.

"Mungu anaweza kunyesha ndani ya chupa," alisema. "Hilo naamini, na msinitoe kwenye hilo. Lakini mimi nilichokikuta ni maji. Mvua sijaikuta."

Eufrasia alifunga mwavuli wake, ubavu mmoja baada ya mwingine. Mtu nyuma alisema kwa sauti ndogo kwamba katekista ameshikwa na serikali. Tumsifu aliandika kitu kwenye fomu, akamwambia Joakim pole, na ilikuwa pole ya kweli. Halafu, kwa kuwa amri ilikuwa amri, akaikausha chupa kwa kitambaa, akairudisha ndani ya kopo, akalichomoa kopo ardhini, akafungua mdomo wa gunia.

Hapo Bibi Kabula akasimama.

Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho Bibi Kabula kusimama bila kushikwa mkono. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu, akauvuka uwanja na fimbo yake huku watu wakimpisha, na wote walidhani anakuja kumtetea mwanawe. Alipofika kwa Tumsifu akamwambia kwa Kisukuma, polepole ili mgeni aelewe, kwamba hakiondoki hivyo. Akainamisha kibuyu juu ya faneli, akamimina maji kidogo, kama vijiko viwili. Akafuta mdomo wa kopo kwa kiganja.

"Sasa chukua," akasema.

Harufu ya moshi unaofukiziwa vibuyu ikapanda taratibu. Joakim aliisikia, akakitazama kibuyu.

"Mayu," akasema. "Ni wewe?"

Bibi alishangaa kwamba hilo ni swali. Chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Hata mtoto wa Nkololo anajua. Ukiletewa maziwa kwenye kibuyu, kibuyu kinarudi na hata konzi ya karanga. Ungo wa jirani unarudi na mtama kidogo. Serikali imeacha chombo chake uani kwao, kwenye mji wao, miaka kumi na mmoja, na kila asubuhi mwanawe anakifungua, anapanda kichuguu, anawapigia watu wa Bariadi kelele kwamba hapa hakuna kitu. Alivumilia. Lakini siku aliyosimama kanisani, mbele ya watu na mbele ya Mungu, akatangaza kwamba vyombo vyao ni vitupu, aliona aibu haivumiliki tena. Kesho yake alfajiri, Joakim alipokwenda kusali, yeye akatia maji. Kidogo tu, ya adabu.

"Lakini nilikuuliza," Joakim akasema.

"Uliuliza nani anachezea. Mimi na umri huu nitacheza?"

"Na kopo la siagi?"

"Lile ni letu. Mtu anajitilia mwenyewe zawadi?"

Masalu alikuwa wa kwanza. Alicheka mpaka kijiti kikamwingia njia mbaya na ikabidi apigwe mgongoni, naye akaendelea kucheka katikati ya makofi. Kicheko kikazunguka uwanja. Mama wa kichupa cha dawa ya macho alicheka pia, ingawa alikiangalia kichupa chake mara mbili, akasema mguu wa mume wake hata hivyo umepata nafuu. Eufrasia peke yake hakucheka. Aliondoka na mwavuli kwapani, mgongo umenyooka.

Tumsifu alijifuta macho kwa kitambaa cha kukaushia chupa, akarudi kwenye fomu. Palikuwa na sehemu ya kueleza chanzo cha kosa, na machaguo manne: kifaa, msomaji, wanyama, mengineyo. Alitia alama kwenye mengineyo, akaandika: "Mama mzazi." Akaitazama, akasema mkubwa wake hataielewa. Na hata akiielewa, siku kumi na nane za takwimu zimeharibika, na kituo chenye takwimu mbovu kinahamishwa. Hapo akaomba daftari ili anakili zile namba mbaya, akaanza kusoma, kisha akaacha kunakili.

"Haya ya pembeni ni nini, mzee?"

Joakim aliona haya, kama aliyekutwa akizungumza peke yake. Alisema si kitu. Ni kwamba sheria ilisema aandike alichokikuta, na yeye alikuta maji, lakini alikuta na vumbi. Siku kumi na nane zote zilikuwemo kwa herufi ndogo: ardhi kavu, nguo za Justa kavu, anga safi, kopo la siagi kavu, mende, moshi. Tumsifu alipanda kichuguu mwenyewe. Watu walimsikia akimsomea mkubwa wake ukurasa mzima, mpaka mende, kisha wakamsikia akisema ndiyo, mama yake, miaka themanini na minne. Aliposhuka alilikunja gunia. Siku hizo kumi na nane zingeandikwa upya kuwa sifuri, kwa ushahidi wa pembeni, na kipimo kingebaki.

Bibi Kabula hakumruhusu aondoke hivihivi. Alimjazia gunia lile michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na wakakubaliana mbele ya Joakim kwamba tangu siku hiyo heshima ya chombo itapitia njia hiyo. Kila mwisho wa mwezi, karatasi za Nkololo hufika Bariadi pamoja na mfuko wa michembe, na nimesikia pale ofisini hakuna kituo kinachosubiriwa kwa hamu kama hicho.

Eufrasia alirudi baada ya siku tatu. Hakuingia ndani, alisimama kwenye uzio. Alisema amefikiri. Katekista alimwambia Mungu kwamba vyombo vitupu, na kesho yake chombo kikawa si kitupu. Mungu alimtuma aliyekuwa karibu, basi, na yeye haoni nani ameshindwa hapo. Joakim alifungua mdomo kumjibu. Moyoni alitafuta kopo la siagi la kuliweka kando ya maneno hayo ili ayapime, hakuliona. Akamkaribisha chai. Mazungumzo hayo hakuyaandika kwenye daftari lolote.

Waliendelea kuomba kila Jumapili, na saa tatu ya kila siku iliendelea kuwa sifuri, mpaka Jumatano moja ya Machi vumbi lilipopata madoadoa machache kama ndui. Chupa ilikuwa na unyevu usiofikia hata mstari wa kwanza. Kwa siku ya namna hiyo Joakim alifundishwa kuandika herufi mbili, TR, maana yake mvua imeonekana lakini haipimiki. Akapanda kichuguu akasema hivyo. Alipokuwa anashuka mama yake alimwuliza leo amewaambia nini.

"Nimewaambia imekuja, ila haipimiki."

"Afadhali," Bibi akasema. "Hayo ni maneno ya mtu mwenye mji."

Kesho yake ilinyesha tangu alfajiri, mvua ya kuangusha majani. Wenye kuidai walikuwa watatu. Tumsifu alikuwa ametuma meseji siku mbili kabla kwamba itakuja, Eufrasia alisema kila mtu anajua imeombwa na nani, na Masalu alivuka uwanja akiwa amelowa mpaka mifupa, akipiga kelele kwamba mtamba wake wa Meatu hatimaye amejibu. Saa tatu ilipogonga ilikuwa bado inamwagika. Joakim alitoka na daftari ndani ya mfuko wa nailoni, akapiga goti kwenye tope mbele ya kipimo, na ghafla mvua ikaacha kumpiga. Akainua macho. Eufrasia alikuwa amesimama nyuma yake, yeye mwenyewe analowa chapachapa, ameunyoosha ule mwavuli wa mistari ya njano juu ya kichwa cha katekista na juu ya kopo.

Joakim alimshukuru, wabeja sana. Halafu akamwomba, kwa adabu zote, asogeze mwavuli kidogo upande wake yeye, maana alikuwa anaizuia mvua isiingie kwenye kipimo.